Strip au Fremont: wawili walale wapi Las Vegas

Wawili wanaokwenda Las Vegas kwa siku tatu huhangaika na tiketi ya ndege wiki nzima, kisha hoteli wanaichagua kwa dakika tano kwa kufuata picha. Wangebadilisha mpangilio huo wangenufaika zaidi. Ndege ikishatua, kinachoamua kama mtafurahi au mtanuniana ni sehemu mliyolala. Kuna Strip, kwenye mahoteli makubwa na chemchemi za maji yanayochezeshwa mbele ya hoteli ya Bellagio, na kuna Fremont, mji mkongwe wa katikati unaoitwa Downtown. Toka Bellagio hadi Fremont ni kilomita kama nane tu, lakini bei, kanuni za meza za kamari na hata kelele za usiku hazifanani.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Kama ni mara yenu ya kwanza, mnakwenda kati ya Jumapili na Alhamisi, na kamari kwenu ni ya kuonja tu, laleni Strip ya katikati. Kama mnapenda kukaa mezani saa nyingi kwa dau dogo, au mmekwenda kufunga ndoa, au mnalazimika kwenda wikendi na mfuko haujatuna, laleni Fremont. Kulala nusu kwa nusu, usiku mmoja huku na mwingine kule, ni wazo linalovutia kwenye karatasi na kuchosha mwilini. Hilo tutalifikia.

Sehemu zenyewe

Strip ni kipande cha barabara ya Las Vegas Boulevard chenye urefu wa takriban kilomita 6.8, toka hoteli ya Mandalay Bay upande wa kusini hadi karibu na mnara wa STRAT kaskazini. Kisheria haimo hata ndani ya mji wa Las Vegas. Sehemu yake kubwa iko Paradise, eneo linalosimamiwa na kaunti ya Clark. Fremont ndiyo mji wenyewe. Viwanja vyake vilipigwa mnada na kampuni ya reli Mei 1905, hoteli ya Golden Gate ikafunguliwa 1906, El Cortez 1941, Golden Nugget 1946. Majumba makubwa ya Strip tunayoyaona leo mengi yamejengwa kuanzia 1989, mwaka ilipofunguliwa Mirage, ambayo nayo ilifungwa Julai 2024.

Historia hiyo utaihisi miguuni. Fremont ilijengwa kwa watu wanaoshuka garimoshi na kutembea, kwa hiyo kasino zimebanana: kwa dakika tano umeshapita milango sita au saba. Strip ilijengwa kwa watu wenye magari. MGM Grand peke yake ina vyumba karibu 5,000, na njia ya kutoka kwenye lifti hadi barabarani imepitishwa makusudi katikati ya mashine za kamari. Hoteli ya jirani unaiona ipo hapo tu, kwa sababu jengo ni kubwa mno kiasi cha kudanganya macho. Unaanza kutembea, dakika ishirini zinapita, bado hujafika. Makutano makubwa huvukwi chini. Unapanda ngazi za umeme na kupita darajani, na tangu Januari 2024 kaunti inapiga marufuku kusimama juu ya madaraja hayo. Kwa hiyo picha ya wapenzi pale juu, taa zikiwaka nyuma, inaweza kuwaletea askari. Viatu virefu vibebwe kwenye begi, vivaliwe mlangoni mwa mgahawa.

Bei ya chumba: tangazo na bili

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chumba cha Strip kinachosemwa ni dola 69 hakilipiwi dola 69. Juu yake kuna ada ya hoteli ya kila siku, mara nyingi kati ya dola 35 na 55, inayodaiwa ni ya intaneti, mazoezi na bwawa, mtumie msitumie. Kisha inakuja kodi ya vyumba, kama asilimia 13, ambayo inatozwa kwenye chumba na kwenye ada pia. Tuchukue mfano wa 69 na ada ya 50: 119, ongeza kodi, inakuwa kama dola 134 kwa usiku. Fremont, chumba cha 49 chenye ada ya 35 kinaishia kama dola 95. Four Queens ya Fremont imejulikana kwa kutotoza ada hiyo kabisa. Chumba cha 60 kisicho na ada kinaishia dola 68.

Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inalazimisha bei ya jumla, pamoja na ada, ionyeshwe tangu mwanzo. Kodi bado inaweza kuongezwa mwishoni. Kwa hiyo linganisha ukurasa wa mwisho wa malipo kwa ukurasa wa mwisho. Ule wa kwanza bado haujasema yote.

Tofauti ya dola 40 kwa usiku inaonekana ni akiba nzuri, hadi jioni inapoingia na mmoja wenu anataka kuona chemchemi. Uber toka Fremont hadi Strip ya katikati ni kama dola 15 hadi 25 kwenda peke yake, na wikendi usiku inapanda. Nenda urudi mara moja, akiba ya usiku huo imekwisha. Ndiyo maana Fremont ni rahisi kwa anayekaa Fremont. Anayelala Fremont na kushinda Strip analipa sawa na aliyelala Strip, tena anapoteza saa nzima njiani.

Siku za wiki zina nguvu kuliko mtaa. Chumba kilekile cha Jumanne kinaweza kuuzwa mara mbili au tatu ya bei hiyo Ijumaa na Jumamosi. Kabla ya kulipia chochote, angalieni kalenda ya mikutano na mashindano. Maonyesho ya teknolojia ya CES ya Januari huleta watu zaidi ya 100,000 na vyumba vinapanda mji mzima. Mashindano ya magari ya Formula 1, yanayofanyika Novemba tangu 2023, yanakimbizwa kwenye Strip yenyewe. Barabara zinafungwa, na teksi ya dakika tano inageuka ya dakika arobaini. Desemba kuna siku kumi za mashindano ya rodeo, ya kupanda farasi na mafahali wakali. Katika wiki hizo Fremont ni kimbilio, japo nayo hupanda.

Pokezi ya hoteli itataka kadi halisi ya benki, ya plastiki, yenye jina lililo kwenye pasipoti. Itazuia kiasi fulani kama amana, mara nyingi dola 50 hadi 100 au zaidi kwa usiku, juu ya bei ya chumba. Kwa kadi ya mkopo haliumi. Kwa kadi ya debiti fedha hizo zinatoka kwenye salio lako na zinaweza kuchukua wiki au zaidi kurudi baada ya kuondoka, hasa benki ikiwa nje ya Marekani. Kadi ya kwenye simu tu, kama ile ya Visa ya M-PESA ya Kenya, ni nzuri kwa kulipia mtandaoni lakini haitoshi pale kaunta. Waliowahi kukwama na mabegi saa tano usiku kwa sababu hii ni wengi.

Na friji ndogo ya chumbani Strip: nyingi zina kihisio. Ukiinua chupa kuangalia bei, au ukiisogeza ili uweke maziwa yako, mashine imeshakuandikia. Mkikuta mmeandikiwa kitu msichonywa, piga simu pokezi siku hiyohiyo. Kwa kawaida wanakifuta. Ukisubiri hadi bili ije kwa barua pepe ukiwa umesharudi, unapoteza muda mwingi kwa dola 14.

Kufika na kuzunguka

Uwanja wa ndege, Harry Reid, uko jirani kabisa na Strip ya kusini. Hilo ni jambo la kushukuru na pia la kuangalia, kwa sababu dereva asiye mwaminifu atapitia handaki na barabara kuu ili kuongeza kilomita. Teksi za kwenda hoteli za Strip zina nauli maalumu iliyopangwa kwa kanda. Iulizeni kabla ya kufunga mlango. Uber na Lyft hazisimami mlangoni, zinachukua abiria ndani ya jengo la maegesho, kwa hiyo fuateni vibao. Fremont iko mbali zaidi, dakika 20 hadi 25 barabara ikiwa tupu.

Basi la ghorofa liitwalo Deuce linatembea saa 24 toka Strip ya kusini hadi Fremont. Tiketi ya saa 24 ni dola 8, ya siku tatu dola 20. Inunuliwe kwenye mashine ya kituoni au kwenye programu ya rideRTC kabla basi halijafika. Mchana linafaa. Ijumaa jioni ni adhabu: linasimama kila mahali, na safari ya kwenda Fremont inaweza kula saa nzima na zaidi.

Reli ya juu, Monorail, inakwenda toka MGM Grand hadi Sahara, vituo saba, na vyote viko nyuma ya hoteli za upande wa mashariki. Haifiki uwanja wa ndege wala Fremont. Inamfaa aliyelala upande huo. Aliyelala Bellagio au Aria atatembea karibu robo saa kukifikia kituo, na hapo faida yake inakuwa haipo.

Kukodi gari kwa siku tatu za mjini sishauri. Hoteli nyingi za Strip zinatoza maegesho kwa siku, na foleni ya kutoka kwenye jengo la maegesho Jumamosi usiku inakatisha tamaa. Kodi kwa siku moja tu kama mnakwenda bwawa la Hoover, lililo kama kilomita 50, au Red Rock Canyon iliyo karibu zaidi. Kati ya Oktoba na Mei, Red Rock inataka nafasi ya saa maalumu iliyowekwa mapema. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwenda tu. Kwa safari ya siku tatu, uacheni.

Mezani

Kwa anayecheza, hapa ndipo sehemu hizi mbili zinapotengana hasa, na ndipo pesa nyingi inapotea bila mtu kuiona ikiondoka.

Anza na karata ya 21, Blackjack. Ukipata A pamoja na 10 au karata ya picha kwa mkupuo wa kwanza, unalipwa zaidi ya dau lako. Kwa kanuni ya zamani unalipwa 3 kwa 2: dau la dola 15 linaleta 22.50. Meza nyingi za dau dogo kwenye Strip siku hizi zinalipa 6 kwa 5: dau lilelile linaleta 18. Dola nne na nusu zinaonekana kitu gani? Mkono huo hutokea kama mara moja kila mikono 21. Meza inayogawa mikono 70 kwa saa inakupa mara tatu hivi na zaidi kidogo, kwa hiyo umepoteza kama dola 15 kwa saa kwa sababu ya maandishi tu yaliyo kwenye kitambaa. Mkiwa wawili, saa tatu za jioni, ni kama dola 90. Hicho ni chakula cha usiku cha wawili, na bado hatujahesabu mikono mliyoshindwa kihalali.

Kanuni imeandikwa kwenye kitambaa chenyewe, mbele ya mchezeshaji, kwa herufi kubwa. Soma kabla hujakaa. Strip meza za 3 kwa 2 zipo, ila nyingi zinadai dau la dola 25 na kuendelea. Fremont unazipata kwa dola 10 au 15, na El Cortez imejulikana miaka mingi kwa meza ya pakiti moja inayolipa 3 kwa 2.

Ruleti nayo ihesabiwe sifuri. Gurudumu lenye sifuri moja linabakiza kwa kasino asilimia 2.70 ya kila dau. Lenye sifuri mbili, yaani 0 na 00, 5.26. Lenye sifuri tatu, ambalo limeenea sana kwenye meza za dau dogo za Strip, 7.69. Kwa dau la dola 15 na mizunguko 40 kwa saa, hesabu ya muda mrefu ni kama dola 16, 32 na 46 kwa saa, kwa mpangilio huohuo. Mpira uleule, kelele zilezile, mara tatu ya gharama.

| | Strip | Fremont |
|---|---|---|
| Dau la chini, siku za kazi | dola 15 hadi 25 | dola 10 hadi 15 |
| Karata ya 21 kwa dau dogo | nyingi ni 6 kwa 5 | 3 kwa 2 zipo, zitafute |
| Ruleti ya dau dogo | sifuri tatu imeenea | sifuri mbili ni kawaida zaidi |
| Dadu: dau la nyongeza | mara 3, 4 au 5 | mara 10, pengine zaidi |

Mstari wa mwisho unahusu Craps, mchezo wa dadu wenye makelele kuliko yote. Dau lake la msingi, Pass Line, lina faida ya kasino ya asilimia 1.41 tu, na dau la nyongeza linalowekwa nyuma yake baada ya namba kutoka linalipwa kwa haki, kasino haipati hata senti. Ndiyo maana kasino zinaweka kikomo cha nyongeza hiyo, na ndiyo maana kikomo cha Fremont kina maana. Madau ya katikati ya meza, yanayolipa 15 kwa 1 au 30 kwa 1, yaacheni kwa walevi.

Mashine zinadanganya kwa jina. Mashine ya senti moja haichezwi kwa senti moja; mzunguko mmoja mara nyingi unaanzia senti 50 au 88, na takwimu za Bodi ya Kusimamia Kamari ya Nevada zinaonyesha kwamba mashine hizo ndizo zinazobakiza sehemu kubwa ya kila dola kuliko za dola moja. Anayetaka kukaa kwenye mashine bila kunyonywa haraka atafute ya poka iitwayo Jacks or Better, kisha asome jedwali la kioo: kama Full House inalipa 9 na Flush 6, na ukicheza sawasawa, inarudisha asilimia 99.54. Ikiwa 8 na 5, inashuka hadi 97.3. Nje zinafanana kabisa. Zile za 9 na 6 utaziona Fremont kwa urahisi zaidi kuliko Strip.

Wazee wa mikeka wataikuta nyumbani kwao Circa, iliyofunguliwa Fremont mwaka 2020: ukumbi wa kubeti wa ghorofa tatu na mabwawa ya Stadium Swim yanayotazama skrini kubwa, yanayofunguliwa mwaka mzima. Haipokei mtu aliye chini ya miaka 21, hata kwa kulala.

Umri wa kucheza ni 21 Nevada nzima, na pasipoti iwe mwilini. Picha yake kwenye simu haikubaliki. Bila kitambulisho jekipoti ya mashine hailipwi. Kuna jambo linalomgusa aliyetoka Afrika Mashariki kwa matembezi: jekipoti ya mashine inayofikia kiwango cha kuripotiwa (dola 1,200 kwa miaka mingi, 2,000 kuanzia 2026) inakatwa asilimia 30 kwa asiye mkazi wa Marekani. Kuna nchi zenye mkataba wa kodi unaowaokoa raia wake. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Ushindi wa karata ya 21, ruleti na dadu haukatwi. Mkazi anayelipa kodi Marekani haguswi na makato hayo ya papo kwa papo, lakini lazima autangaze ushindi kwenye marejesho yake.

Fedha taslimu toeni benki kabla ya safari. Mashine za kutolea pesa ndani ya kasino zinakata ada inayokaribia dola 10 kila mara. Mkubaliane kiasi cha siku, kila mmoja na chake, na kadi zibaki chumbani ndani ya kisanduku. Mmoja akimaliza lake, asiazimwe la mwenzake. Ugomvi mwingi wa wapenzi mji huu unaanzia hapo, na unaendelea ndani ya ndege.

Jioni ya wawili

Strip inashinda kwa mbali kwa anayetaka kupendezwa macho. Chemchemi za Bellagio, zilizopo tangu 1998, hazina kiingilio: mchana kila nusu saa, jioni kila dakika 15 hadi saa sita usiku, isipokuwa upepo ukiwa mkali. Mahali pazuri si mbele kabisa katikati, ambako watu wamebanana. Sogeeni upande wa kaskazini mkielekea Caesars Palace. Ndani ya Bellagio bustani ya maua nayo ni bure. Gurudumu la High Roller lina urefu wa mita 167 na linazunguka kwa nusu saa. Pandeni jua linapozama, mpate mji wa mchana na wa taa kwa tiketi moja. Sphere, ile duara ya maonyesho yenye kimo cha mita 112 iliyofunguliwa Septemba 2023, nje mnaiangalia bure toka barabarani. Ndani inalipiwa, na njia ya miguu inaiunganisha na Venetian.

Fremont ina kelele za furaha badala ya uzuri. Paa la taa la Viva Vision limefunika barabara kwa mita 419, na kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku linawashwa kila saa kwa dakika chache, muziki ukipigwa. Chini yake kuna majukwaa ya bendi bila kiingilio, na juu watu wanapita wakining'inia kwenye kamba za SlotZilla. Wenye kupenda historia wana Jumba la Mob Museum, ndani ya mahakama ya zamani ya serikali kuu, na Neon Museum yenye mabango ya taa ya kasino zilizokufa. Hii ya pili wekeni nafasi ya jioni mapema, kwa sababu zinakwisha.

Ubaya wa Fremont ni usingizi. Muziki wa chini unapanda hadi madirishani hadi saa nane usiku, wikendi zaidi. Wakati wa kuweka nafasi na tena mkifika pokezi, ombeni chumba kisichotazama barabara ya Fremont, ghorofa ya juu. Chumba cha bei ya chini kabisa huwa kinatazama hukohuko.

Pande zote mbili kuna watu waliovaa manyoya au mavazi ya katuni. Ukipiga nao picha, wanadai dola 10 au 20, na wakiwa wawili kila mmoja anadai yake. Anayekupa diski ya muziki "bure" naye hajakupa bure. Pita tu.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Strip ni ghali, sahani ni kubwa, mnaweza kugawana moja. Bufee ya Bacchanal ya Caesars ina kila kitu lakini ina kikomo cha dakika 90 na bei yake kwa wawili inavuka dola 150 pamoja na bakshishi, kwa hiyo iwe mlo pekee wa siku hiyo. Maji nunueni CVS au Walgreens zilizopo Strip, si kwenye vibanda vya hoteli. Bakshishi ya mgahawani ni asilimia 18 hadi 20, na mhudumu anayekuletea kinywaji cha bure ukiwa unacheza apewe dola moja au mbili. Migahawa ya halali iko zaidi nje ya Strip, na Masjid As-Sabur hauko mbali na Fremont.

Msiocheza, msiovuta

Moshi wa sigara unaruhusiwa ndani ya kasino. Fremont dari ni za chini na majengo ya zamani, kwa hiyo mwenye pumu atateseka. Kwa wawili wasiotaka kamari wala moshi, Strip ina majibu ambayo Fremont haina: Vdara haina kasino kabisa, hairuhusu sigara, vyumba vina jiko dogo, na ni matembezi mafupi hadi Bellagio. Park MGM ina kasino lakini sigara imepigwa marufuku tangu 2020.

Bangi imehalalishwa Nevada tangu 2017 kwa wenye miaka 21, lakini si hotelini, si kasino, si barabarani. Asiye raia wa Marekani akae nayo mbali hata pale duka linapomwalika, kwa sababu sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu na kwake bado ni kosa.

Julai nyuzi joto za mchana ni kama 40, na 7 Julai 2024 zilifika 48.9. Msimu huo, kutembea Strip mchana ni hatari ya kweli, na Fremont yenye milango ya karibu inapata alama. Januari mambo yanageuka: usiku ni baridi ya koti, na mabwawa mengi ya Strip yamefungwa hadi Machi. Machi, Aprili, Oktoba ndiyo miezi.

Mliokwenda kuoana

Laleni Fremont, au angalau siku ya kwanza ipangeni huko. Ofisi ya leseni za ndoa ya kaunti ya Clark iko 201 East Clark Avenue, mwendo wa miguu toka Fremont, na inafunguliwa kila siku, sikukuu zikiwemo, saa mbili asubuhi hadi saa sita usiku. Jazeni fomu mtandaoni kwanza, kisha mwende wote wawili na pasipoti na ada ya dola 102. Hakuna kipimo cha damu wala siku za kungoja. Aliyewahi kuachana ataje tarehe na mahali talaka ilipotoka, hati haitakiwi.

Leseni hiyo siyo cheti. Inakupeni ruhusa ya kufungishwa ndani ya mwaka mmoja, mbele ya mfungishaji aliyesajiliwa na shahidi mmoja. Mfungishaji ana siku 10 za kuwasilisha karatasi. Baada ya hapo ndipo mnaagiza nakala iliyothibitishwa, dola 20 kila moja, na hiyo ndiyo itakayotakiwa na uhamiaji, benki au ofisi yoyote nyumbani. Agizeni mbili kwa pamoja. Wanaosahau hatua hii hugundua mwaka mmoja baadaye kwamba picha wanazo, cheti hawana. Waliokwisha oana na wanaotaka tu kurudia viapo hawahitaji leseni.

Nusu kwa nusu?

Chumba kinaachwa saa tano asubuhi. Cha pili kinapokewa saa tisa au kumi alasiri. Katikati mna mabegi, mmeshalipia teksi ya kuhama, na amana mbili zimezuiwa kwenye kadi moja. Kwa safari ya siku tatu, nusu siku imekwenda. Bora mlale Strip, kisha alasiri moja ya siku ya kazi mpande Deuce saa tisa, kabla ya msongamano. Mob Museum kwanza, Neon Museum giza linapoingia, onyesho la paa saa mbili usiku, meza za dola 10 hadi mchoke. Kurudi chukueni Uber, na mwiteni dereva toka mlango wa hoteli ulio barabara ya pembeni, kwa sababu sehemu yenye paa magari hayaingii, na mkisimama hapo dereva atazunguka mara mbili kisha afute safari mkatwe ada.